Acheni Kutuambia Tusubiri Saa 48

Barua ya wazi kwa mafundi wa tovuti, kampuni zinazopangisha seva na maafisa TEHAMA wa Afrika Mashariki

Ndugu zangu,

Ninaandika kuhusu jibu moja mnalowapa wateja kila tovuti inapogoma baada ya kuhamishwa, kila baruapepe zinapoacha kuingia, kila kikoa kipya kinapokataa kuitika. Mteja anapiga simu, anaeleza shida yake, anaambiwa: "DNS bado inasambaa, subiri saa 48." Anashukuru, anakata simu, anasubiri. Saa zikiisha anapiga tena, na mara nyingi anaambiwa asubiri tena.

Naomba tuliache jibu hilo. Anayelitoa kwa kawaida hana nia mbaya. Alilipokea kwa aliyemfundisha kazi, naye analipitisha vile vile. Ubaya wake ni kwamba linatolewa kabla mtu hajaangalia chochote. Na DNS, mfumo wa majina tunaoutegemea sote, kuukagua ni kazi ya dakika moja. Hauhitaji nywila ya mteja wala ruhusa ya mtu yeyote. Kuuliza si ujinga, na hapa kuuliza ni bure kabisa. Fundi anayesema "subiri" kabla hajaiuliza seva anakisia tu, na gharama ya kukisia kwake analipa mtu mwingine: mzazi ambaye barua yake haikufika, duka ambalo oda zake zimepotea, zahanati inayongoja majibu ya maabara.

Hizo saa 48 zenyewe zina asili yake, na ni vizuri tuijue. Ukiziuliza seva zinazotunza vikoa vya .com kwamba kikoa fulani kimekabidhiwa kwa seva zipi za majina, jibu linakuja likiwa na tarakimu 172800 pembeni. Hizo ni sekunde. Zigawe kwa 3600 upate saa 48. Maana yake ni kwamba seva yoyote iliyolipokea jibu hilo inaruhusiwa kulikumbuka kwa saa 48 kabla haijauliza upya. Tarakimu hiyo ndiyo TTL, yaani muda wa jibu kukumbukwa. Inahusu rekodi za NS, pale mteja anapohama kutoka seva za majina za kampuni moja kwenda za nyingine, na hata hapo ni kikomo cha juu, si muda ambao lazima upite. Vikoa vya nchi kama .tz, .ke na .ug vinajipangia tarakimu zao, uliza, utaziona.

Rekodi nyingine zote, ile ya A inayobeba anwani ya tovuti, ile ya MX inayoelekeza baruapepe, zile za TXT, kila moja ina TTL yake, na aliyeiweka ni wewe fundi. Ukiweka 300, jibu la zamani linakufa baada ya dakika tano. Ukiweka 86400, linaishi siku nzima. Sasa mteja ambaye rekodi yake ya A ina TTL ya 300 ukimwambia asubiri siku mbili, umemwambia jambo lisilo kweli, na ukweli ulikuwa mbele yako kwenye skrini.

Tena hakuna kitu kinachosambazwa. Ukibadili rekodi kwenye seva yenye mamlaka, yaani seva inayotunza zoni ya kikoa hicho, badiliko linakaa pale pale. Halisukumwi kwenda Nairobi wala Muscat. Mtu wa Mwanza anapoandika jina la tovuti, simu yake inaiuliza seva ya kuulizia ya mtandao wake. Seva hiyo kama inakumbuka jibu, inalitoa kama ilivyo. Kama haikumbuki, inaanzia juu kwenye mzizi, zile seva zenye majina ya herufi kuanzia A hadi M, ambazo nakala zake zimetapakaa duniani na nyingine zipo Nairobi na Dar es Salaam. Mzizi unaielekeza kwa watunzaji wa .tz, hao wanaielekeza kwa seva yenye mamlaka, na hiyo ndiyo inayotoa jibu la mwisho. Kisha seva ya kuulizia inaliweka jibu kwenye kumbukumbu yake na kuanza kuhesabu sekunde. Kila seva ya kuulizia ina hesabu yake. Ndiyo maana mtu mmoja anaona tovuti mpya kwa bando la simu, na mwenzake aliyekaa naye meza moja, akitumia Wi-Fi ya ofisi, bado anaona ya zamani. Hesabu zao zilianza nyakati tofauti, basi.

Na kwa kuwa hesabu hiyo inaonekana, hakuna sababu ya kubahatisha. Fungua terminali, andika `dig A jinalenu.co.tz @8.8.8.8`, rudia baada ya muda kidogo, utaona tarakimu ya TTL ikishuka: 1740, 1695, 1602. Zile ndizo sekunde zilizobaki kabla seva hiyo ya kuulizia ya Google haijalisahau jibu la zamani. Seva za namna hii zinakuwa nyingi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo tarakimu inaweza kurukaruka kidogo, lakini haiwezi kuzidi ile uliyoiweka wewe. Hapo una uwezo wa kumwambia mteja, "Mama, kufika saa nane na nusu kila mtu ataona tovuti mpya," na ikawa hivyo. Linganisha maneno hayo na "subiri saa 48". Mteja anayepewa saa kamili anapanga kazi zake. Anayepewa siku mbili za jumla anabaki kukuhesabia.

Aliye kwenye Windows na hana dig anayo nslookup tayari: `nslookup -type=mx jinalenu.co.tz`. Aliye na simu tu afungue dns.google, aandike jina, asome.

Sasa niwaeleze kisa kimoja kwa urefu, maana ndani yake mna karibu kila kitu ninachokililia. Shule moja ya sekondari ya bweni iliagiza tovuti mpya. Fundi aliitengeneza vizuri, ikapendeza, akahamishia kikoa kwenye seva za majina za kampuni yake. Tovuti ikafunguka siku ile ile. Baruapepe zikafa. Wazazi walikuwa wakituma stakabadhi za benki za ada, na hakuna iliyokuwa ikifika. Mkuu wa shule alipouliza, jibu likawa, "Mkuu, DNS bado inasambaa." Saa 48 zikapita. Akaambiwa huenda mtandao wa shule una shida. Mhasibu, mama mtu mzima mwenye subira, ndiye aliyenipigia: "Mwanangu, wazazi wanasema wametuma, mimi sioni kitu, na wengine wanarudishiwa barua kwa Kiingereza."

Barua hiyo ya Kiingereza ilikuwa na namba 550 na maelezo kwamba hakuna sanduku la jina hilo kwenye seva hiyo. Hapo tayari kuna dalili: barua zilikuwa zinafika mahali fulani, ila mahali pasipo pake. Nikauliza kwanza NS, kujua kikoa kimekabidhiwa kwa nani. Zikaja seva mbili za kampuni mpya, kama ilivyotarajiwa. Kisha nikaiuliza mojawapo moja kwa moja, kwa jina lake: `dig MX` jina la shule, halafu `@` na jina la seva. Jibu lilikuwa na mambo matatu ya kusoma. Hali: NOERROR. Alama: `aa`, maana yake anayejibu ndiye mwenye mamlaka, hakukopa jibu kwa mtu. Idadi ya majibu: 0.

Someni tena hapo, ndugu zangu. Seva yenye mamlaka ilikuwa inasema kwa kinywa chake kwamba jina hili lipo, na halina rekodi ya MX. Hakuna kusubiri kungeweza kuileta rekodi hiyo. Angesubiri saa 48, mwezi, hata mwaka, ingebaki 0. Fundi alipohamisha kikoa, zoni mpya ilizaliwa ikiwa na rekodi ya A ya tovuti na vitu vichache vya kawaida. MX ya mfumo wa baruapepe, ambao uko kwingine kabisa, hakuna aliyeinakili. Na kwa kanuni za baruapepe, kikoa kikikosa MX, seva inayotuma hujaribu kupeleka barua kwenye anwani iliyo katika rekodi ya A. Kwa hiyo barua za wazazi zilikuwa zinabisha hodi kwenye seva ya tovuti, ambako hakuna sanduku la mhasibu, nazo zikarudishwa na namba 550.

Tofauti kati ya kuuliza seva ya kuulizia na kuuliza seva yenye mamlaka ndiyo nusu ya kazi hii. Kuuliza 8.8.8.8 ni kumuuliza jirani kama mwenye nyumba yupo. Kuuliza seva yenye mamlaka ni kubisha kwa mwenye nyumba mwenyewe. Majibu yakitofautiana, shida ni kumbukumbu, na itakwisha TTL ikiisha. Yakilingana na yote ni mabaya, shida iko kwenye zoni, na mtu inabidi aiguse. Fundi akishindwa kutenganisha hali hizi mbili, hawezi kumwambia mteja jambo lolote la maana.

Rekodi zilizopotea tulizipata wapi? Kwenye seva ya zamani. Mteja akihama, kampuni aliyoihama mara nyingi haiifuti zoni yake papo hapo, na seva zake zinaendelea kujibu kwa yeyote anayeziuliza kwa jina, ingawa hakuna tena anayeelekezwa huko. `dig MX` jina la shule `@` seva ya zamani, rekodi zote zikatoka. TXT ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa, nayo ikatoka. Iliyosumbua ni DKIM, saini inayothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa. Rekodi yake inakaa chini ya jina lenye kitambulisho maalumu kabla ya `_domainkey`, na DNS haitoi orodha ya majina yaliyomo ndani ya zoni. Lazima ujue unachouliza. Zamani watu walitumia swali la ANY wakitarajia kupata kila kitu. Tangu kanuni ya mwaka 2019 seva inaruhusiwa kulijibu kwa ufupi tu, na nyingi zinafanya hivyo. Kunakili zoni nzima kwa AXFR kunakataliwa na seva nyingi, na ni haki yake. Tulichofanya ni kufungua barua ya zamani iliyotumwa na shule, kutazama vichwa vyake vilivyofichwa, na kusoma `s=` kwenye mstari wa DKIM-Signature. Pale ndipo kitambulisho kilipokuwa.

Rekodi zikaingizwa, barua zikaanza kuingia. Hata hivyo fomu ya mawasiliano kwenye tovuti mpya iliendelea kupoteza ujumbe, kwa sababu seva ya tovuti ilijiona yenyewe ndiyo yenye baruapepe za shule, ikawa inaziweka kwenye sanduku la ndani ambalo hakuna anayelisoma. Hilo si la DNS. Ni mpangilio wa njia ya baruapepe kwenye paneli, kutoka ya ndani kwenda ya nje. Nalitaja kwa sababu linawakuta wengi, na lawama hutupiwa DNS bila kosa.

Ni haki ya mteja kupewa orodha ya rekodi zake kabla hajahama. Kama nilivyoeleza, zoni ikishafutwa hakuna njia ya uhakika ya kuijenga upya kutoka nje. Kampuni inayomwachia mteja aondoke mikono mitupu inajua atateseka. Inayompokea bila kumdai orodha hiyo inajua vile vile. Naziomba zote mbili: fanyeni iwe desturi. Faili ya zoni ni maandishi matupu, kurasa mbili kwa kikoa cha kawaida; kuitoa ni kubonyeza kitufe.

Kuhusu majibu ya makosa sitakaa sana, lakini tuyasome kama yalivyo, yasifungwe yote kwenye furushi la "mtandao una shida". NXDOMAIN ni jina halipo kabisa: ama umekosea herufi, ama kikoa kimeisha muda, ama hakijawahi kusajiliwa. NOERROR yenye majibu 0 ni jina lipo, ila aina ya rekodi uliyoiuliza haipo, kama ilivyokuwa kwa shule yetu. REFUSED ni seva inakataa kukujibu kuhusu jina hilo. Ukiona hivyo kwenye seva ya majina ambayo kikoa kimekabidhiwa kwayo, ujue zoni haijafunguliwa kule, mteja ameelekezwa kwenye seva isiyomjua. SERVFAIL ni seva ya kuulizia imejaribu, imeshindwa kupata jibu la kuaminika, na mara nyingi chanzo ni seva zenye mamlaka kutofikika au saini za DNSSEC kuharibika. Kutenganisha hayo mawili, rudia swali ukiongeza `+cd`, yaani usihakiki saini. Likijibiwa, DNSSEC ndiyo iliyovunjika.

Hata "halipo" hukumbukwa, na wengi hamlizingatii hili. Fundi anafungua tovuti ya jina dogo kabla hajaliingiza kwenye zoni, anapata NXDOMAIN, ndipo anaenda kuliingiza, anarudi, bado halipo. Seva ya kuulizia imekumbuka kwamba halipo, kwa muda uliotajwa kwenye rekodi ya SOA. Kwenye zoni nyingi tarakimu hiyo imeachwa 3600 au hata 86400 bila mtu kuitazama. Ingiza rekodi kwanza, jaribu baadaye.

Kuna wakati seva mbili za kikoa kimoja zinatoa majibu mawili. Mteja anasema tovuti inafunguka ikipenda. Andika `dig +nssearch` na jina, utaona namba ya toleo la zoni kwenye kila seva. Mafundi wengi huiandika kwa tarehe, mfano 2025060301. Zikitofautiana, seva moja imebaki nyuma, na hapo pia kusubiri hakusaidii mpaka mtu atafute kwa nini nakala haikupokelewa.

Kuhama kwenyewe kukipangwa, hakuna mtu anayepaswa kuhisi lolote. Siku mbili kabla, shusha TTL za rekodi unazokusudia kuzibadili hadi 300. Subiri ile TTL ya zamani iishe. Huku ndiko kusubiri kwenye maana, na kunafanyika kabla ya kazi wakati tovuti na baruapepe zinafanya kazi kama kawaida. Jenga zoni mpya yote upande wa pili. Ziulize seva mpya kwa majina yao, rekodi moja baada ya nyingine, ulinganishe na za zamani. Zikilingana ndipo ubadili NS kwa msajili. Acha seva ya zamani ikiendelea kuhudumia kwa siku kadhaa, maana wapo watakaoikumbuka. Kisha pandisha TTL. Wateja wangapi wamewahi kuhamishwa hivi? Wachache mno, na si kwa sababu ni ghali.

Kwenye SPF naomba uangalifu wa pekee. Kikoa kinaruhusiwa mstari mmoja tu unaoanza na `v=spf1`. Shule au kampuni ikiongeza huduma nyingine ya kutuma baruapepe, fundi anabandika mstari wa pili kama alivyoelekezwa na huduma hiyo, na kuanzia hapo yote miwili inahesabika kuwa kosa. Iunganishe iwe mmoja. Na usizidishe maulizo 10 ndani yake, hicho ndicho kikomo cha kanuni. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: kila anayewatumia watumiaji wao barua awe na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi wawe navyo vyote pamoja na DMARC. Mteja anayelalamika kwamba ankara zake zinaangukia kwenye spamu mara nyingi ana jibu lake kwenye `dig TXT`.

Na ile nukta. Kwenye faili ya zoni, jina lisiloishia na nukta huongezewa jina la kikoa mwishoni. MX iliyoandikwa `mail.jinalenu.co.tz` bila nukta inageuka `mail.jinalenu.co.tz.jinalenu.co.tz`, ambayo haipo popote duniani. Ukiiuliza kwa dig unaiona mara moja. Usipouliza, utailaumu kampuni ya simu.

Wakubwa nao hukwama. Tarehe 4 Oktoba 2021, kuanzia majira ya magharibi kwa saa zetu hadi baada ya usiku wa manane, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika, na Afrika Mashariki nzima ilishika simu isiyoleta ujumbe. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wao wa ndani. Seva zao za DNS, zilipoona hazifikii vituo vya data, zikajiondoa zenyewe kwenye njia za intaneti, na seva za kuulizia kote duniani zikabaki na SERVFAIL. Siku chache kabla, 30 Septemba mwaka huo huo, Slack walijaribu kuwasha DNSSEC, wakapata shida, wakaiondoa haraka wakati rekodi za DS bado zinakumbukwa kwa saa 24, na baadhi ya watumiaji wakafungiwa nje mpaka kumbukumbu ziishe. Na 20 Oktoba 2025, huduma nyingi zinazotegemea Amazon zilianguka kwa sababu rekodi moja ya DNS ya hifadhidata yao ya DynamoDB, kwenye kituo chao cha Virginia, iliachwa tupu na mitambo yao wenyewe ya kuisasisha.

Sitaji haya ili tupate visingizio. Nayataja kwa sababu kila mmoja wa hao aliandika baadaye, kwa jina lake, nini kilitokea, saa ngapi, kwa nini, na alirekebisha nini. Mteja wa Facebook aliyelala bila kujua kilichotokea aliweza kukisoma siku iliyofuata. Mhasibu wa shule niliyoieleza hajaandikiwa mstari hata mmoja hadi leo. Hakuna anayewadai ripoti ndefu. Mistari mitano kwa baruapepe inatosha: rekodi hii haikuwepo, iliondoka tulipohamisha, tumeirudisha saa fulani, barua zilizotumwa kati ya saa hii na hii zimerudishwa kwa watumaji, waombeni watume tena. Mstari huo wa mwisho ungeokoa ada za watu.

Maafisa TEHAMA wa halmashauri, hospitali na vyuo, kwenu nina ombi la namna nyingine. Angalieni kikoa cha taasisi yenu kimesajiliwa kwa jina la nani. Nimeona ofisi ambayo ankara ya kikoa ilikuwa ikitumwa kwenye baruapepe ya mtumishi aliyekwisha kuhamishwa kituo, na hakuna aliyejua mpaka jina lilipoacha kuitika. Nimeona pia anwani ya mawasiliano kwa msajili ikiwa ndani ya kikoa kile kile: kikoa kikiisha muda, baruapepe zake zinakufa, na ile barua ya kukumbusha kulipia haina pa kufikia. Wekeni anwani iliyo nje ya kikoa, isomwe na watu zaidi ya mmoja, na tarehe ya kuisha muda iingie kwenye bajeti kama umeme unavyoingia. Kikoa ni mali ya taasisi. Fundi anayekisajili kwa jina lake binafsi, hata kwa nia njema ya kuharakisha kazi, amemwekea mteja wake tanzi, na siku wakigombana kitakuwa silaha.

Nimalizie na jambo lililonisukuma kuandika. Kabla ya mwaka 1983 majina ya kompyuta za mtandao wa ARPANET yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa na ofisi moja huko Menlo Park, California, na kila aliyeihitaji aliichukua kutoka huko. Paul Mockapetris alipobuni DNS mwaka huo, alilivunja daftari hilo: kila mwenye jina atunze lake mwenyewe, na mtu yeyote, popote alipo, aweze kuliuliza. Kanuni zilizotolewa mwaka 1987 ndizo msingi tunaoutumia mpaka leo. Mfumo huu tangu mwanzo ulijengwa wazi. Mwanafunzi wa Kigoma mwenye simu na bando la shilingi mia tano ana haki sawa na mhandisi wa California ya kuiuliza seva ya mzizi na kujibiwa. Ni mambo machache sana kwenye teknolojia yaliyo hivyo, na tunaupoteza uwazi huo kila tunapomwambia mteja kwamba hiki ni kitu cha ajabu kinachosambaa chenyewe na hakuna anayekijua.

Kwa hiyo ninawasihi. Mteja akipiga simu, mwambie akae kwenye laini. Uliza NS. Iulize seva yenye mamlaka. Uliza seva ya kuulizia. Msomee TTL iliyobaki kama shida ni kumbukumbu, au sema wazi kwamba rekodi haipo na uiweke akiwa bado anakusikiliza. Mfundishe na yeye kuuliza, atakupigia mara chache zaidi. Na kampuni zenye vijana wa huduma kwa wateja, futeni sentensi ya saa 48 kwenye karatasi zao za majibu wiki hii, muweke amri ya dig mahali pake.

Wenu katika kazi,
Fundi mwenzenu, Dar es Salaam